Namba iliyomtoa Batuli chumba cha mionzi

Saa moja kasoro robo asubuhi, chumba cha mionzi kinaonekana kwenye skrini ya Batuli Bakary kama chumba kilicho chini ya maji. Mistari myembamba ya taa za kijani inakatiza hewani kutoka ukuta hadi ukuta. Mashine imeinamisha shingo yake nyeupe juu ya kitanda kitupu. Hakuna kinachosogea, ila pazia la kubadilishia nguo linalopeperushwa kidogo na kiyoyozi.

Kisha Devota, mwenzake wa zamu, anaingia kwenye picha. Anatazama nyuma ya pazia. Anainama kuchungulia chini ya kitanda. Anakwenda hadi ukuta wa mwisho, anabonyeza swichi, halafu anatembea haraka kupitia korido iliyopinda mpaka mlangoni, ambako kuna swichi ya pili. Ana sekunde thelathini tu. Akichelewa, mashine inakataa kuwaka na kazi inaanza upya.

Batuli anamhesabia kwa midomo, bila sauti. Mlango mzito wa chuma unajifunga taratibu, taa nyekundu inawaka juu yake, naye anashusha pumzi.

"Huyo tunamwita mtu wa mwisho," anasema bila kuondoa macho kwenye skrini. "Kazi yake ni kuhakikisha ndani hakubaki binadamu ila mgonjwa. Asubuhi tunaijaribu mashine bila mgonjwa, lakini mzunguko ni uleule. Nimeufanya miaka sita. Sasa nautazama tu, na naona naupenda kuliko nilipokuwa naufanya."

Ana umri wa miaka thelathini na minne na tumbo la miezi saba. Sauti yake ni ya chini, ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu waliolala. Mgonjwa akishawekwa kitandani na wote wakatoka, ni sauti hiyo inayomfikia kupitia kipaza sauti: "Usitikisike, bibi. Nakuona. Niko hapa."

Kituo anachofanyia kazi kipo pembezoni mwa mji wa Lindi, mahali ambapo barabara inapanda kidogo na bahari inaonekana vipandevipande kati ya mapaa ya nyumba. Kina wafanyakazi wanane na mashine moja. Kwa siku hupokea wagonjwa wapatao thelathini, wengine wametoka Kilwa, wengine Liwale, wengine milima ya Kipatimu, ambako mvua ikinyesha safari ya kufika barabara ya lami huweza kula siku nzima.

Wanachokifuata hakionekani. Mionzi haina rangi, haina harufu, haina joto. Mgonjwa hulala pale dakika chache, husikia mashine ikivuma mfano wa nyuki walio mbali, kisha huambiwa amka, tumemaliza. Wengi hudhani bado hawajaanza.

Kwa wanaofanya kazi hiyo, kutoonekana huko ndiko kazi yenyewe. Mashine ikizimwa, mionzi hukoma papo hapo, na chumba huwa salama kama sebule. Ikiwaka, hatakiwi mtu ndani. Kati ya hali hizo mbili kuna mlango, swichi mbili, na kidude cha plastiki kidogo kuliko kibiriti ambacho kila mfanyakazi hukivaa kifuani.

"Mama yangu aliniuliza, sasa utajuaje kama imekupata, na wewe huioni?" Batuli anasimulia, akicheka. "Nikamwambia, mama, mimi sijui, ila beji inajua. Akasema, basi hiyo beji ndiyo mchawi."

Mchawi huyo hasemi chochote papo kwa papo. Beji hukusanywa kila baada ya miezi mitatu, hupelekwa maabara, na majibu hurudi baada ya wiki kadhaa yakiwa karatasi moja yenye majina na namba. Kwa miaka yote sita, namba ya Batuli ilikuwa sifuri nukta moja au chini yake. Alikuwa haiangalii tena. Alikuwa anaweka sahihi na kurudi kazini.

Hadi mwezi wa tano mwaka huu.

* * *

Batuli alizaliwa Kinjumbi, kaskazini mwa Kilwa, binti wa tatu wa mvuvi na Bi Mwanasha, mwanamke ambaye hata leo akikuta mlango wazi saa ya magharibi haachi kuufunga. Katika nyumba hiyo mambo mazuri husemwa kwa sauti ya chini. Mimba ndiyo husemwa chini kuliko yote. Inajulikana na mume, mama na Mungu, na wengine wote husubiri mpaka tumbo lionekane lenyewe.

Batuli alisoma, akaenda Dar es Salaam akarudi na cheti, akaolewa na Suleiman, fundi wa majokofu mwenye duka mjini Lindi. Alidhani mambo hayo ya kunong'ona ameyaacha nyuma. Alipopata mimba ya kwanza aliwaambia wenzake wote, wakamletea keki. Iliharibika wiki ya kumi. Ya pili aliwaambia wawili tu. Nayo ikatoka.

"Baada ya hapo nilikuwa mtoto wa mama yangu kabisa," anasema. "Sikutaka hata kuambiwa habari za sayansi."

Upande wa mume kulikuwa na maneno mengine. Wifi yake alisema, tena mbele ya wageni, kwamba mashine imemkausha. Suleiman aliondoka mezani siku hiyo bila kumaliza wali. Batuli alimaliza wake, akaosha vyombo, na alipofika kwake akalia mpaka macho yakavimba.

Kwa hiyo mwishoni mwa mwezi wa pili, kipimo cha mkojo kilipoonyesha mistari miwili, alikifunga ndani ya leso na kumpigia simu mama yake.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Usimwambie mtu. Acha tumbo liseme lenyewe, Inshallah."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na Batuli hana haya kuliita kosa. Kanuni ya kazi yake inasema mwanamke akijua ana mimba amjulishe afisa usalama wa mionzi mara moja, kwa sababu mtoto aliye tumboni kiwango anachoruhusiwa ni kidogo sana, milisivati (kipimo cha mionzi) moja tu kwa muda wote wa mimba uliobaki. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi wa mazoezi kanuni hiyo, akiwa amesimama mbele ya ubao. Lakini mwezi wa tatu ulipita akiwa kimya, na wa nne ukapita. Aliingia chumbani na kutoka kama kawaida, mkono mmoja ukipita tumboni pale ambapo hakuna aliyemtazama.

Anaikumbuka miezi hiyo kama ndoto ya mchana. Kila kitu kilikuwa kimelegea na kung'aa. Alinusa mvua kabla haijanyesha. Mistari ya kijani chumbani ilimfanya afikiri kwamba mtoto naye, kule aliko, anaona rangi.

* * *

Karatasi ya maabara ilifika Jumatatu. Afisa usalama wa mionzi wa kituo, ambaye pia ndiye mwanafizikia wake, anaitwa Cletus. Ni mtu wa uwanda wa Makonde, mpole, anayetembea na kalamu tatu mfukoni na kuzitumia zote. Alimwita Batuli ofisini na kufunga mlango, jambo ambalo si kawaida yake.

"Dada Batuli, kaa kwanza," alisema.

Namba iliyo mbele ya jina lake ilikuwa thelathini na moja nukta nne. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi kwa mwaka mzima ni milisivati ishirini. Namba ile ilikuwa ya miezi mitatu, kuanzia Januari hadi Machi.

Batuli aliisoma mara mbili. Anasema alisikia sauti ya feni tu, ikizunguka polepole sana.

Cletus alitoa fomu ya uchunguzi. Aliyasoma maswali kwa sauti moja, moja baada ya jingine. Je, uliwahi kuwa ndani mashine ikiwa imewaka? Hapana. Uliwahi kumwazima mtu beji? Hapana. Uliwahi kuiacha chumbani? Hapana, sikumbuki. Ulifanyiwa kipimo chochote cha mionzi ukiwa umeivaa? Hapana.

Swali la saba lilikuwa: una ujauzito?

Nje, mtu alikuwa anaburuta ndoo sakafuni. Batuli alimsikiliza mpaka akafika mwisho wa baraza.

"Ndiyo," alisema. "Wiki kumi na tano."

Cletus aliweka kalamu chini. Hakumlaumu, na hilo Batuli hatalisahau. Alisimama akafungua dirisha, akakaa tena, akasema: "Kuanzia sasa huingii chumbani. Si adhabu, dada yangu. Ni mpaka tujue hii namba imetoka wapi."

"Na kama ni yangu kweli?"

"Hata ikiwa yako, vitabu vinasema uwezekano wa madhara kwa mtoto ni mdogo. Lakini sitaki kukuambia mdogo. Nataka nikuambie ukweli wenyewe."

Alipompigia mama yake jioni hiyo, Bi Mwanasha alilia kwanza, halafu akapata nguvu ya kununa. "Yaani umekwenda kumwambia mwanamume, tena wa ofisini, hata shangazi yako sijamwambia?"

Batuli alicheka huku machozi yanamtoka.

* * *

Wiki mbili zilizofuata alizifanya kwenye meza ya mapokezi, akiandika tarehe za wagonjwa. Cletus alizijaribu swichi zote. Alifungua mlango mara ishirini mashine ikiwa kazini, na mara zote ishirini ilizimika yenyewe. Alizunguka nje ya kuta na kipimo chake, hakukuta kitu. Beji za wenzake saba zilikuwa na namba zilezile ndogo. Ni Batuli peke yake aliyeguswa na kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Usiku aliota anaogelea ndani ya chumba, maji yana mwanga wa kijani, na mtoto yuko upande wa pili wa kioo anamwonyesha kitu kwa kidole. Kila alipogeuka kukitazama, aliamka. Suleiman alikuwa anawasha taa, anamletea maji, na hakusema neno kuhusu wifi, wala mashine, wala kuacha kazi. Alikaa tu ukingoni mwa kitanda mpaka anapolala tena.

"Nilikuwa naogopa," Batuli anasema. "Sitaki kulipamba neno. Nilikuwa namwomba mtoto radhi."

Kisha, siku ya Alhamisi, alikuja Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni mkazi wa Kilwa Kisiwani, mwenye umri wa miaka sitini na minane, aliyetibiwa saratani ya titi kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Alikuwa amerudi kwa ajili ya kuangaliwa, na mkononi alikuwa na kikapu cha ukili chenye maembe makavu na korosho.

"Shikamoo, bibi," Batuli alisema, akinyanyuka mezani.

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo uko huku nje na wale wa makaratasi? Mie nimekuja kukutafuta kule kwenye baridi."

"Wamenipumzisha kidogo, bibi."

"Haya. Nimekuletea korosho zako. Lile koti lako lilinisitiri mwanangu, mie sisahau. Wenzio walinipa shuka jepesi kama karatasi. Weye ukavua nguo yako ukanifunika."

Batuli alibaki amekishika kikapu.

Mgonjwa wa titi hulala kifua wazi na mikono juu ya kichwa, na chumba kile lazima kiwe na baridi kwa ajili ya mashine. Mwezi wa tatu mablanketi yalikuwa yamepelekwa kufuliwa na yalichelewa kurudi. Bi Zuhura alikuwa anatetemeka, na mgonjwa anayetetemeka hawezi kulengwa. Batuli alivua koti lake jeupe, akamfunika kuanzia tumboni hadi magotini, akatoka nje na mwenzake. Alifanya hivyo siku ya kwanza, na ya pili, mpaka ikawa desturi yao wawili. Bibi akishalala, koti linafuata.

Beji ilikuwa kwenye koti. Batuli huwa anaibana upande wa ndani wa ukosi ili isinase mitandio ya wagonjwa anapowanyanyua, ndiyo maana hakuna aliyeiona, wala yeye hakuifikiria. Alifikiria baridi tu.

"Nilimbusu bibi wa watu mkono," anasema. "Akashangaa, kwa korosho tu ndiyo nabusiwa mkono?"

* * *

Lakini kukumbuka ni jambo moja na kusema ni jingine. Kuvua beji na kuiacha ndani ni kosa la kupewa onyo la maandishi. Pia lilimaanisha kwamba uchunguzi wote ule, na kule kufungua mlango mara ishirini, vilisababishwa na yeye. Batuli hakukaa hata dakika kumi. Alikwenda kwa Cletus na kikapu chake mkononi, akasimama mlangoni.

"Kaka Cletus, namba ni ya koti."

Alimweleza yote. Cletus alimsikiliza, akachukua kalamu ya kwanza, kisha ya pili. Alisema ni habari njema, ila habari njema nayo inapimwa.

Wakatoa faili la Bi Zuhura na kuhesabu siku alizotibiwa kabla mablanketi hayajarudi. Zilikuwa kumi na moja. Jumamosi mchana, wagonjwa walipokwisha, Cletus alipanga kitandani vipande vya plastiki nzito vinavyotumika mahali pa mwili wa mtu. Akavifunika kwa koti la Batuli, beji mpya ikiwa imebanwa ndani ya ukosi, na ukosi ukaelekezwa mapajani kama ulivyokuwa. Devota akawa mtu wa mwisho. Mashine ikawaka mara kumi na moja kwa kipimo kilekile cha bibi.

Batuli aliitazama kazi hiyo kupitia skrini. Koti lake lilikuwa limelala juu ya mtu asiyekuwepo, na mashine ililizunguka polepole, ikiinama na kuinuka. Anasema hajawahi kuona kitu cha ajabu na kizuri kama hicho, na kwamba alijikuta anakiongelesha kwenye kipaza sauti kwa mazoea: "Usitikisike. Nakuona."

Cletus alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye skrini.

Beji ilipelekwa maabara kwa haraka. Majibu yalirudi baada ya siku tisa: ishirini na tisa nukta nane. Haikuwa namba ileile, na Cletus anasema ingekuwa ileile kabisa angetilia shaka. Lakini ilikuwa karibu vya kutosha kuandika kwenye ripoti kwamba mionzi ile ililipata koti, haikumpata mwenyewe. Wiki hiyohiyo daktari wa kliniki ya wajawazito alimpima kwa altrasaundi. Moyo wa mtoto ulisikika chumba kizima.

"Suleiman alikuwa anasikiliza kama anavyosikiliza mota ya jokofu," anasema Batuli. "Akaniambia, hii haina kasoro."

Barua ya onyo alipewa, kama ilivyostahili. Ameihifadhi kwenye faili moja na cheti cha ndoa.

* * *

Mtu angedhani hadithi inaishia hapo, bibi amepona baridi na mama ana amani. Ila Batuli si mtu wa kulala na jambo nusu. Lilimkera swali la saba. Alijua kwamba kesho binti mwingine wa pwani, aliyelelewa na mama kama wake, ataficha tena, na huenda siku hiyo kusiwe na koti la kusingizia.

"Kanuni inamtaka aseme," anasema. "Kwetu anatakiwa asiseme. Sasa wewe unamweka wapi huyo mtoto?"

Mwezi wa saba alimpelekea Cletus wazo. Mjamzito kazini huvaa beji ya pili, kiunoni, chini ya nguo, inayosomwa kila mwezi kwa ajili ya mtoto. Kwa nini ni lazima mtu aje kuiomba kwa mdomo? Ziwekwe kwenye droo ya chumba cha wanawake, kila moja na namba yake. Anayehitaji achukue, aiandike namba hiyo na jina lake kwenye bahasha, aisukume chini ya mlango wa Cletus. Cletus peke yake ndiye atakayejua. Atampangia kazi za nje katika ratiba ya wiki, bila sherehe wala keki.

Cletus aliuliza kama hiyo inahesabika kuwa ni kutangaza. Batuli alimpigia simu mama yake, akaweka sauti ya nje ili wasikie wote wawili. Bi Mwanasha alifikiri.

"Bahasha haina mdomo," alisema mwishowe. "Hiyo haina neno."

Mwanzoni mwa mwezi wa nane, beji nne ziliwekwa kwenye droo, mbali na ile ambayo Batuli alikuwa anaivaa tayari.

Batuli ataanza likizo ya uzazi mwezi wa kumi. Anapanga kurudi mwanzoni mwa mwaka, tena chumbani, kuwaweka wagonjwa kitandani, kuzunguka nyuma ya pazia na kuwa mtu wa mwisho. Wifi yake ameanza kumletea supu, na yeye anainywa. Jina la mtoto analo, ila hamwambii mtu, na anayemuuliza humwona akitabasamu na kutazama pembeni.

Jumanne iliyopita alikwenda chumba cha wanawake kutafuta pini. Alifungua droo kwa bahati mbaya tu, ndivyo anavyosema.

Beji zilikuwa tatu.

Katika kituo kile wanawake ni watano, na kumtafuta kwa macho ingekuwa kazi ya dakika moja. Batuli aliifunga droo taratibu, akarudi kwenye skrini yake, akamwacha kila mwenzake apite mlangoni bila kumtazama tumbo.

"Simjui ni nani, na sitaki kumjua," anasema. "Nimemwombea dua tu, yeye na aliyenaye."